Wapolandi na Niemen wao, sisi na Marijani wetu

Mashabiki wa Legia Warszawa, klabu ya soka ya mji mkuu wa Polandi, wana sifa ya vurugu, na mimi siku za mechi napenda kupita mbali nao. Lakini niwape haki yao: kabla ya kila mechi ya nyumbani wananyanyua skafu juu, uwanja mzima unaimba wimbo wa 1966 wa kulisifu jiji lao. Aliyeuimba ni Czesław Niemen, aliyefariki Januari 2004. Wengi wanaokauka koo kwa kuuimba hawakuwahi kumwona jukwaani.

Wala Niemen hakuwa mtoto wa mjini. Alizaliwa 1939 Stare Wasiliszki, kijiji ambacho vita vilipokwisha kilijikuta upande wa Wasovieti. Leo kiko Belarus. Alihamia Polandi 1958. Jina lake la ukoo lilikuwa Wydrzycki, akaamua kujiita kwa jina la mto wa kwao. Sisi tunaoishi ugenini tunamwelewa bila kufafanuliwa.

Mwaka 1967 alipanda jukwaa la tamasha la Opole na wimbo wa kulalamikia chuki za binadamu, akipiga makelele kama waimbaji weusi wa Marekani aliowapenda. Wapo waliomcheka, lakini albamu yake ya mwaka huo ikawa ya kwanza Polandi kupewa hadhi ya santuri ya dhahabu. Angeweza kubaki hapo hapo akila jasho lake. Badala yake, 1970 akatoa kazi ya kinanda cha Hammond na kwaya, akiimba shairi la Cyprian Norwid, mshairi wa karne ya 19, kwa zaidi ya dakika kumi na tano. Hebu fikiria mwanamuziki wa rock leo amchukue Shaaban Robert afanye naye hivyo!

Msidhani alidekezwa. Wakati wa utawala wa kijeshi wa miaka ya 1980, televisheni ya serikali ilikatakata mahojiano yake hadi akaonekana anauunga mkono utawala huo, na watu wakamgeuzia mgongo.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu huku wanaosema Wazungu wanajua kuthamini wasanii, sisi hatujui. Nchi zote mbili, Polandi na Tanzania, zilikuwa za kijamaa. Niemen alirekodi kwa kampuni ya serikali; bendi zetu nyingi nazo zilikuwa za jumuiya na mashirika ya umma: NUTA ya wafanyakazi, Vijana Jazz, Bima Lee. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walifika mpaka Osaka kwenye maonyesho ya 1970. Vipaji vilikuwepo, na mapenzi ya wasikilizaji yalikuwepo.

Tofauti ni kwamba santuri ya Niemen iliingia sebuleni kwa watu ikiwa na picha yake na jina la mtunzi wa maneno. Za kwetu nyingi zilibaki kwenye mikanda ya Radio Tanzania. Mpaka leo kipindi cha zilipendwa kinaweza kupiga nyimbo kumi mfululizo na mtangazaji asitaje nani aliyepiga solo, nani aliyetunga. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki 1995 akiwa hana kitu. Kila harusi ya Waswahili huku Ulaya lazima "Zuwena" yake ipigwe, na vijana wanaoicheza wanaulizana kama ni ya Mkongo.

Kwa hiyo mnaponiuliza ninachokionea wivu huku, si treni zao wala mishahara, ambayo kodi ya nyumba inaimeza yote. Ni lile jambo la wahuni wa mpira kumjua mtunzi wao kwa jina. Simba na Yanga wanajaza Uwanja wa Mkapa watu elfu sitini. Mmojawapo achague wimbo mmoja wa zamani, jina la mtunzi liandikwe kwenye ule ubao mkubwa, uimbwe kabla ya filimbi. Mimi Yanga, napendekeza Mbaraka. Simba wakimtaka Marijani, wamchukue.