Kula Bata Ukiwa na Tasnifu Si Dhambi

Wiki hii mtu kaniongeza kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya wa masters, eti "niwape uzoefu". Hata salamu sijatoa, kaka mmoja aliyemaliza miaka kadhaa iliyopita akaachia sauti ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Masters ni jela ya miaka miwili, anasema. Waageni marafiki. Zimeni data. Mchumba akipenda atasubiri, asipopenda hakuwa wako. Mkitoka mtawakuta. Watu wakamwagia emoji za mikono iliyokunjwa, "ubarikiwe sana mkuu", na binti mmoja akatangaza kwamba ameshajitoa kwenye kundi la wenzake wa sekondari. Semina elekezi yenyewe hata haijafanyika!

Bahati mbaya huyo mkuu namfahamu. Alijifungia kweli, hilo simnyimi. Harusini haonekani, ufukweni haonekani, akipigiwa simu anajibu kwa ujumbe siku ya pili. Na bado sisi tuliokuwa tunapigana picha ufukwe wa Coco kila mwisho wa mwezi tulivaa joho kabla yake, kwa sababu sura ya pili ya tasnifu yake ilikuwa imelala kwenye meza ya msimamizi na kule kujifungia hakukuiamsha.

Hebu tusemezane ukweli. Masters ya kwetu ina vipande viwili. Kipande cha darasani hakina neno, ratiba inakushika mkono: kipindi saa kumi na moja jioni ukitoka kazini, jaribio wiki ijayo, kazi ya kikundi ambayo wawili wanaandika na watano wanaweka majina. Kinachoua watu ni kile cha pili, tasnifu, ambako hakuna anayekupigia kengele. Unaandika pendekezo, unaliwasilisha idarani, unarudishiwa marekebisho. Chuo kinakupa barua ya kibali kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia barua kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi anakuelekeza kwa ofisa anayehusika, na ofisa anayehusika yuko Dodoma kwenye mafunzo. Ukitoka hapo kuna kukusanya data, kuandika, kusubiri, watahini, marekebisho ya watahini. Katika mlolongo wote huo nionyesheni mahali ambapo Jumamosi moja ya mihogo ya kukaanga na ukwaju ilimchelewesha mtu.

Kitu kinachokula muda wetu nakijua, na hakiitwi bata. Kinaitwa kamati ya harusi.

Najua nagusa pabaya. Lakini wewe mwenyewe umeshakaa kwenye vile vikao. Kimetangazwa Jumapili saa kumi jioni, ukumbi wa nyuma wa baa moja Sinza. Wewe mjinga umefika saa kumi. Mwenyekiti anaingia saa kumi na moja na nusu, anasema tuwasubiri wenzetu kidogo, foleni. Sala. Utambulisho, kila mtu asimame aseme yeye ni nani kwa bwana harusi. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, na kuna mzee lazima aseme jina lake limekosewa. Mweka hazina anasoma orodha yote: fulani, ahadi laki mbili, taslimu elfu hamsini, fulani, ahadi laki, taslimu bado. Inasomwa taratibu ili kila mwenye "bado" alisikie vizuri. Kisha kamati ndogo ya mapambo inaanza kubishana na kamati ndogo ya chakula kuhusu rangi ya vitambaa vya meza, na mtu anauliza kwa nini tusimlete yule MC wa harusi ya Mbezi. Unaondoka saa tatu usiku, umekunywa soda moja, na kila siku kwenye simu unakumbushwa "wapendwa, tunaombwa kumalizia ahadi zetu". Bibi harusi umeshamwona mara moja, tena kwa mbali.

Hiyo umeihesabu wapi? Kusoma siyo. Kupumzika pia siyo, maana umerudi na kichwa kinauma. Ila kwa sababu kulikuwa na watu, viti na soda, akili yako inaandika "leo nimejirusha". Jumamosi inayofuata rafiki zako wa kweli wakikuita mkale nyama, unajiona mwenye dhambi, unasema hapana, nina sura ya tatu. Unabaki nyumbani umekodolea kompyuta, unafungua Instagram, unawaangalia wao wakila nyama. Sura ya tatu nayo iko palepale.

Ndiyo maana huo ushauri wa jela unanichefua. Mwanafunzi akiamua kukata maisha ya nje, hakati kamati. Kamati ina shangazi ndani yake, ina bosi, ina jirani wa mama, nani atathubutu? Anakata wale ambao hawatamlalamikia, yaani marafiki. Anaachia kitu pekee kilichokuwa kinampa nguvu na kubaki na vyote vinavyomnyonya, halafu anaita hiyo nidhamu.

Mimi nilipoanza kuandika nilichagua upande mwingine. Mchango natoa, tena mapema, ninaoumudu. Kadi naichukua, singo, nikipata nafasi nakuja kula. Kamati hapana. Mama yangu mdogo alinipigia siku hiyohiyo.

"Mwanangu, kwa hiyo kusoma ndiyo umekuwa Mzungu?"

"Hapana, mama. Nadaiwa sura ya nne."

"Hiyo sura ya nne haina Jumapili?"

"Haina, mama. Shikamoo."

Alinuna mpaka sendoff ikapita. Siku ya harusi alinipakulia pilau yeye mwenyewe, kwa hiyo msiniambie ukoo unavunjika. (Msiba siuzungumzii hapa. Msiba mtu unakwenda, tasnifu itasubiri.)

Sasa bata lenyewe. Sisemi kila siku, na sisemi lazima liwe la gharama. Bata la mwanafunzi lina siku yake na saa yake, linajulikana kama kipindi. Kwangu lilikuwa Jumamosi alasiri, na kabla ya hapo asubuhi nzima nilikuwa siguswi. Kulikuwa na lingine ambalo hatukulipanga: kipindi cha jioni kikiisha saa mbili, barabara ya kwenda Mwenge haitembei, basi tunakaa kwenye mishkaki na chipsi mpaka magari yapungue. Hapo ndipo nilipoelewa takwimu, nilielezewa na mhasibu mmoja wa darasa letu aliyekuwa anachora mstari wa regresheni kwenye karatasi iliyolowa mafuta ya chipsi. Mwalimu alikuwa ameshatuonyesha mstari huohuo kwenye slaidi, na wote tulitikisa vichwa kana kwamba tumeelewa.

Siku ya Simba na Yanga, tafadhali, usijidanganye na kitabu. Utasikia goli kabla hujamaliza aya. Nenda kaangalie mpira, urudi usome ukiwa na furaha au hasira, vyote vinasaidia kuandika.

Kuna Jumamosi moja lazima niisimulie. Utafiti wangu ulihusu VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, huko Temeke, wanawake na mikopo. Rasimu ilikuwa imerudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na neno moja la kalamu nyekundu pembeni ya ukurasa: "Fafanua." Nifafanue nini, hakusema. Tuko Coco, upepo unapeperusha mchanga kwenye kachumbari, nikaanza kumlalamikia shoga yangu mwenye duka la vitenge Kariakoo. Mtu ambaye chuo anakiona akipita tu kwenye daladala. Akanisikiliza, akalamba ukwaju kidoleni, akasema, "Sasa wewe unahangaika kuuliza kama tunalipa. Tunalipa ndiyo. Kaulize tunalipa kwa hela ya wapi. Mimi nakopa kikoba cha Mbagala kulipa cha Kariakoo, na wenzangu wengi ndivyo wanavyofanya." Akaendelea kula. Mimi sikula tena, nilikuwa naandika kwenye simu. Maswali ya dodoso yakabadilika, na kile alichokisema kikawa moyo wa sura ya nne. Ningekuwa nimejifungia jela na mkuu wetu, ningekuwa mpaka leo nafafanua.

Maktaba mpya ya Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naipenda, nisieleweke vibaya. Ilizinduliwa 2018, inachukua watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, ina kiyoyozi na intaneti, na mtu asiyeitumia anajipunja. Lakini mle ndani hakuna mwenye duka Kariakoo.

Na wale wazee wanaopenda kutukumbusha kwamba enzi zao Mlimani watu walisoma, naomba tukumbushane vizuri. Mwaka 1967 wanafunzi walianzisha USARF, ile harakati ya kimapinduzi ambayo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, akiwa mwanafunzi pale. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili asubuhi, yasiyo na alama wala cheti. Wakatoa jarida la Cheche kuanzia 1969, mpaka lilipopigwa marufuku 1970. Walter Rodney, mwalimu wa historia pale, kabla kitabu chake cha How Europe Underdeveloped Africa hakijatoka 1972, aliwapa mswada wanafunzi wawili, Karim Hirji na Henry Mapolu, wausome. Amewashukuru mwanzoni mwa kitabu. Nani kati ya hao alijifungia? Sisemi walikuwa Coco wanakula mihogo, na haya, nakubali, kubishana kuhusu Fanon, yule mwandishi wa mapinduzi, Jumapili asubuhi si burudani ya kila mtu. Lakini elimu yao ilipita katikati ya watu. Walikuwa na muda wa kukaa pamoja bila mtu kusoma orodha ya ahadi.

Haya, na upande wa pili, nisije nikaambiwa nawapoteza watoto wa watu. Kuna wiki za kufunga mlango. Wiki ya kuchambua data, wiki ya kurudisha marekebisho ya watahini, hapo zima simu na mimi nitakusaidia kuizima. Pia wapo waliokula ada yote kwa Ijumaa tatu nne. Hao walijiibia wenyewe, wasitafute kichaka kwenye makala yangu. Na nina rafiki anasoma Leipzig, Ujerumani, ambaye Januari giza linaingia saa kumi na moja jioni hajaongea na mtu tangu asubuhi. Anasema angelipa nauli akae hata kwenye kikao cha kamati asikie muhtasari ukisomwa. Nimemwambia nafasi yangu iko wazi, achukue.

Kuna jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha. Mwanamume wa masters akionekana baa baada ya kipindi, "anapumzisha akili". Mwanamke wa masters akiweka picha yuko ufukweni, "huyu naye anasoma saa ngapi?" Niliambiwa hivyo mlangoni mwa ofisi, na mtu mzima mwenye shahada zake, huku ameshika rasimu yangu ambayo hata hajaifungua. Nilikuwa na mwenzangu darasani mwenye watoto wawili. Anafika nyumbani saa nne usiku, anakagua madaftari, anapanga sare za kesho, anafungua kompyuta nyumba ikishalala. Mumewe naye alikuwa anasoma mwaka uleule. Yeye mpira hakukosa hata mmoja, na kila mtu alimsifu kwa kuweza kusawazisha masomo na maisha. Mke hakusifiwa na mtu. Siku tulipomburuta Jumamosi moja akae tu kwenye kiti cha plastiki aangalie bahari, alilala usingizi palepale, na hakuna aliyemwamsha. Nikisikia mtu anawaambia wanawake kama yule wapunguze marafiki ili wamalize masters, natamani kutukana.

Kwa hiyo, binti uliyejitoa kwenye kundi la sekondari, omba urudishwe. Weka siku yako kwenye kalenda, uwaambie na wao waijue, na ikifika nenda bila kubeba kompyuta, maana kompyuta inayopelekwa ufukweni hurudi na mchanga tu. Kama kuna kundi unataka kujitoa, naweza kukutajia matatu, yote yana neno "Kamati" kwenye jina na picha ya maua.

Na mweka hazina wa ile harusi ya Juni, kama umesoma mpaka hapa: ndiyo, ni wewe ninayekusema. Elfu hamsini iliyobaki natuma mshahara ukiingia. Usinisome jina Jumapili.