Sonoma: Mguu wa Kulia au Matairi Mapya?

Mbio nyingi za NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, hufanyika katika viwanja vya mviringo, ambako dereva hukata kona za kushoto tu. Sonoma, katika jimbo la California, ni barabara ya takriban kilomita 3.2 yenye vilima, miteremko na kona za pande zote mbili, na kila msafara unapofika hapo huzuka ubishi uleule: mshindi ni fundi wa kona, au ni yule aliyepiga hesabu nzuri ya matairi?

Wanaotetea ufundi wana mfano mzito. Shane van Gisbergen wa New Zealand, aliyekomaa katika mbio za Supercars za Australia, alishinda mara yake ya kwanza kabisa kushiriki Kombe la NASCAR, katika mitaa ya Chicago, Julai 2023, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1963. Miaka miwili baadaye aliongoza mizunguko 97 kati ya 110 ya Sonoma na kushinda. Siri yake kubwa iko miguuni. Wapinzani wake wengi hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Yeye hukanyaga breki kwa mguu wa kulia, na anaposhusha gia, mguu huohuo huinama upande na kugusa mafuta kidogo ili kasi ya injini ilingane na ya magurudumu, huku wa kushoto ukishughulikia klachi. Ndivyo gari la karibu tani moja na nusu linavyoingia kona ya 11, iliyopinda kama kulabu, bila magurudumu ya nyuma kurukaruka.

Wapo wanaosema amebebwa na gari, kwa kuwa gari jipya la mwaka 2022 lilileta gia za kusukuma na kuvuta kwa mfuatano, kama zile alizozoea Australia. Hoja hiyo inaeleza kwa nini hakuwa mgeni; haielezi kwa nini wenyeji, walioliendesha kabla yake, walishindwa.

Hoja ya matairi ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwaka 2024 Sonoma ilichukuliwa na Kyle Larson, aliyelelewa katika viwanja vya udongo, si katika barabara za kona. Timu yake ilichelewa kwa makusudi kumwita kubadilisha matairi, akarudi nyuma ya viongozi lakini akiwa na matairi mapya kuliko yao, kisha akawapita Chris Buescher na Martin Truex Jr. mizunguko ikiwa imebaki michache. Truex, maskini, aliishiwa mafuta katika mzunguko wa mwisho.

Hata hivyo matairi mapya hayampiti mtu yenyewe. Anayechelewa mno kufunga breki huyachoma ya mbele, na anayekanyaga mafuta kwa pupa huyazungusha ya nyuma mahali palepale, kwa hiyo faida aliyopewa na timu huisha baada ya kona chache. Kwa maoni yangu, ufundi wa miguu ni njia mojawapo ya kutunza matairi, na ndiyo maana ningewapima madereva wakiwa na matairi yaliyochoka, pale wanapotoka kona ya 11, kuona nani anaweza kufungulia mafuta mapema bila mkia wa gari kuyumba.