Kimbunga Kisichofika: Pepo za Juu, Tanga Mbili na Lawama kwa Watabiri

Tangu kimbunga Jobo kilipoyeyuka baharini mwezi wa Aprili 2021, kuna shutuma moja inayorudiwa Unguja na Pemba kila mara Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari: kwamba watabiri wanatutia hofu ya bure, boti zinasimama na wavuvi wanakaa pwani kwa sababu ya kitu ambacho hakiji. Shutuma hiyo ina msingi wake, na nitaueleza bila ya kuupunguza. Hata hivyo imejengwa juu ya dhana kwamba kimbunga kisichofika ni kimbunga kilichotabiriwa vibaya, na dhana hiyo haisimami mtu akishaangalia ni nini hasa kilichokimaliza Jobo.

Kilichokimaliza, kikisaidiwa na hewa kavu, ni mpishano wa upepo, yaani tofauti ya kasi na uelekeo baina ya upepo unaovuma kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya bahari na ule unaovuma kwenye kimo cha kilomita 12 hivi. Kimbunga huishi kwa joto la bahari, ambalo kwa kawaida halipungui nyuzi 26.5 za Selsiasi, lakini joto hilo hukifaa pale tu linapopanda wima na kukusanyika juu ya kitovu, kwa kuwa hapo ndipo linaposhusha mgandamizo wa hewa na kuuvuta upepo uzidi kuzunguka. Upepo wa juu ukishika njia yake na wa chini njia yake, nguzo hiyo huinama kama moshi wa makumbi uliokutana na upepo, mawingu ya mvua husukumwa upande mmoja, hewa kavu ikapenya ndani, na katika picha za setilaiti huonekana duara la mawingu membamba ya chini likiwa limeachwa uchi huku radi na mvua zikiwa mbali nalo. Mpishano wa chini ya mita 10 kwa sekunde huhesabiwa kuwa ni mdogo na kimbunga huweza kukua ndani yake. Ukizidi sana hapo, hata bahari yenye joto haikiokoi. Anayetaka ushahidi na autazame Bahari ya Arabu, ambako vimbunga hutokea zaidi Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, na karibu visionekane kabisa Julai na Agosti, kwa sababu miezi hiyo upepo wa chini huvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi na ule wa juu kwa nguvu kutoka mashariki.

Sasa hoja za wanaolalamika. Ya kwanza ni ya jiografia, nayo ni sahihi kwa sehemu kubwa. Pemba iko kiasi cha nyuzi 5 kusini ya ikweta na Unguja kiasi cha nyuzi 6, mahali ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia, ile inayoupinda upepo ukaanza kuzunguka kitovu, ni dhaifu mno kukilea kimbunga kwa urahisi. Katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 150, kimbunga kilichoupiga mji wa Unguja sawasawa ni kile cha tarehe 15 Aprili 1872. Ya pili ni ya riziki, na hiyo haijibiwi kwa darasa la anga. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa, na anayengojea nyanya na vitunguu kutoka bara au mwenye mgonjwa wa kupeleka Muhimbili anajua siku kama hiyo ina maana gani. Zaidi ya hayo, zilikuwa siku za mwisho za Mfunguo Mosi, mwezi umekonda na usiku ni wa giza, nazo ndizo siku za dagaa. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa, na mbalamwezi ikirudi samaki hawakusanyiki tena. Usiku mbili za giza zikipotea haziongezwi mwisho wa mwezi, na nyuma yake wamo wanaochemsha, wanaoanika na wanaonunua. Mtu wa namna hiyo akiona asubuhi bahari imetulia, tusimshangae akisema kuwa amedanganywa.

Lakini hesabu ya kimbunga kimoja katika miaka 150 inahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa, hasa tarehe zake. Kimbunga cha Unguja kilipiga Aprili 1872. Kimbunga kilichoiharibu Lindi kilipiga Aprili 1952. Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija na kuingia Cabo Delgado, kaskazini mwa mji wa Pemba, ule wa Msumbiji na si Pemba yetu, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo ni Aprili 2021 na Hidaya ni Mei 2024. Hakuna hata kimoja cha Januari au Februari, miezi ambayo vimbunga vya bahari hii huwa vingi kule chini kuelekea Bukini (Madagaska) na Morisi. Vyetu huja wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, na manahodha wa zamani waliujua vizuri wakati huo kwa sababu upepo wake hauna msimamo. Bahari bado imehifadhi joto la kiangazi, ukanda wa mvua unapita juu yetu kuelekea kaskazini ukituletea masika, na pepo za chini, zilizolegea, haziwi na tofauti ile ile na za juu. Kwa maneno mengine, kinga tunayojivunia ina wiki kadhaa kila mwaka ambazo hupungua, na wiki hizo zinajulikana. Latitudo haibadiliki, mpishano wa upepo hubadilika kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ndani ya habari ya 1872 ambalo huwa linapitwa. Kimbunga kile kilizamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, ilhali Pemba, ng'ambo ya mkondo wa kiasi cha kilomita 50 tu, iliguswa kidogo. Wanahistoria wa karafuu wanalitaja hilo kuwa ni sababu moja ya Pemba kuipita Unguja kwa karafuu mpaka leo. Mimi naliona pia kuwa ni kipimo: kimbunga kinachoangamiza kisiwa kimoja na kukiacha cha jirani hakikuwa kikubwa kwa upana. Jobo nacho kilikuwa kidogo sana. Na vimbunga vidogo vina tabia inayowatesa watabiri, kwamba hubadilika upesi kwa pande zote mbili: mpishano ukiongezeka kidogo hupasuka kwa saa chache, ukipungua kidogo hujikusanya na kupata nguvu kwa saa chache vilevile. Anayetakiwa aseme siku mbili kabla kama kitakufa au kitakua anatakiwa aujue upepo wa kilomita 12 juu ya bahari tupu, mahali pasipo na vituo vya vipimo, kwa usahihi wa mita chache kwa sekunde.

Kosa la upande wa pili lina mfano wa karibuni. Oktoba 2023, katika pwani ya Pasifiki ya Meksiko, watabiri waliutarajia mpishano uizuie dhoruba Otis isikue sana, na siku moja kabla bado walikuwa wakiitaja kuwa ni dhoruba ya kawaida. Haikuzuilika. Iliingia Acapulco tarehe 25 ikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na watu wengi walikuwa wamelala. Huko hakuna aliyelalamika kuwa aliwekwa pwani bure. Karibu na kwetu, Kenneth kilipata nguvu haraka kabla ya kufika nchi kavu, na upepo wake ulizidi kilomita 200 kwa saa. Watu wa Mtwara walikuwa wametahadharishwa, kikaingia ng'ambo ya Mto Ruvuma, na baadhi yetu tuliliita hilo tahadhari ya uongo ilhali upande wa pili wa mpaka vijiji vilikuwa vimelala chini. Hidaya nacho kilipungua nguvu kabla ya kufika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na bado mvua zake ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga. Mafia iko takriban kilomita 150 kusini ya Makunduchi.

Ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye namna tahadhari zinavyoandikwa. Mvuvi wa Kojani akiambiwa kuwa ukanda wote wa pwani uko chini ya tahadhari kubwa, bila ya kuambiwa kuwa kimbunga ni kidogo, kwamba upepo wa juu unatarajiwa kukipasua, na kwamba usipokipasua hadi jioni fulani mambo yatakuwa mengine, hana namna ya kutofautisha kughairi kwa upepo na kubabaisha kwa mtabiri. Mtu anayesoma mawingu, bamvua na mkondo kila siku hashindwi kuelewa maelezo kama hayo. Anashindwa kwa sababu hapewi. Taarifa ya saa sita baadaye iseme kipi kimebadilika, na tahadhari inapoondolewa isemwe imeondolewa kwa nini, kwa Kiswahili hiki hiki cha pepo ambacho pwani yote inakijua. Ama usiku mbili za dagaa zilizopotea, hizo ni gharama halisi hata pale ambapo tahadhari ilikuwa sahihi kabisa, na wavuvi wana haki ya kuuliza kwa nini waibebe peke yao kila mwaka wakati wa tanga mbili. Swali hilo waliulize kwa wanaopanga bajeti, kwani mtabiri hana jibu lake.