Herufi S kwenye ratiba ya basi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kituo cha basi kijijini, kilomita kama 20 kutoka mji wa wilaya, huku mashariki mwa Poland. Nilikuwa nimefuata basi. Wanaonijua wanajua: nikipata siku ya mapumziko, wenzangu wanaenda ziwani, mimi napanda trolibasi ya Lublin, lile basi la umeme la nyaya za juu, mpaka mwisho wa laini na kurudi, au nabeba kamera kutafuta Autosan H9, mabasi ya zamani ya Kipolandi, kabla hazijaisha barabarani. Jamaa mmoja alinidokeza kwamba kule bado kuna moja inapiga ruti. Akanishusha asubuhi, akaendelea na safari zake. Mimi ningerudi mjini na Autosan yenyewe.

Kituo ni kile kibanda cha matofali mnachokijua, benchi la ubao lililochongwa majina ya vijana waliokwisha kuwa wazee. Ndani alikuwemo bibi mmoja, mkoba mapajani, kitambaa kichwani, viatu vya kutokea. Nikamwamkia, nikaenda kusoma ratiba. Karatasi moja nyuma ya plastiki iliyochubuka. Safari nne kwa siku: 6.42, 9.10, 14.35, 16.05. Kila moja ina herufi ndogo S pembeni yake.

S maana yake basi linatembea siku za shule tu. Na sisi tuko Julai.

Nikamgeukia. Nikamwambia, bibi, leo basi halipo. Akasema anajua, halijapita tangu watoto wafunge shule mwisho wa Juni. Ana miadi ya daktari wa macho mjini, kaingoja miezi. Sasa mbona umekaa hapa, nikamuuliza. Akajibu huku akitazama barabara: "Nikisimama kando ya barabara, watu wataona naomba. Nikikaa hapa, nangoja basi."

Neno lile limenikaa mpaka leo. Likafika gari la mkate, dereva akamjua, akamfungulia mlango. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Mimi nikatembea mpaka barabara kuu, saa nzima na zaidi, na njia nzima nilikuwa naifikiria ile S.

Maana si herufi iliyoandikwa na mtu mwenye roho mbaya. Ina sababu yake. Sheria inailazimisha gmina, yaani halmashauri ya ngazi ya chini kabisa, kuwafikisha shule watoto wa msingi wanaoishi mbali, kilomita 3 kwa wadogo na 4 kwa wakubwa. Huo ni wajibu, hauna mjadala. Lakini kumfikisha bibi kwa daktari si wajibu wa mtu yeyote. Sheria ya usafiri wa umma ya mwaka 2010 imezitaja gmina na wilaya kuwa waandaaji, halafu haikuzilazimisha kuandaa kitu. Kwa hiyo basi linakuja kwa ajili ya mtoto, na mtu mzima anadandia safari ya mtoto. Mtoto akifunga shule, mama yake, babu yake, kijana anayefanya kazi dukani mjini, wote wamefungiwa kijijini mpaka Septemba.

Zamani kulikuwa na PKS moja, shirika la mabasi la serikali, na lilifika huko kote. Mwaka 1990 likakatwa vipande zaidi ya 100, kila kimoja kikaambiwa kijitegemee. Zikaja busiki, yaani basi ndogo, za watu binafsi, Sprinter na ndugu zake, zikachukua ruti zenye watu na saa zenye watu. Siwalaumu wenye busiki. Wengi wao walikuwa madereva wa PKS waliokosa mshahara, na hadi leo kuna vijiji ambavyo bila Sprinter ya fulani visingekuwa na chochote. Ila PKS ikabaki na safari ya saa tano asubuhi na ya Jumapili jioni, na hizo siku zote zilikuwa zinalishwa na mapato ya ile ya asubuhi mapema iliyojaa.

Hapa ndipo ningependa kila diwani wa Poland anisikilize, kwa sababu kosa hili nimeliona likirudiwa ruti baada ya ruti. Wanahesabu vichwa kwenye basi la saa mbili usiku, wanakuta wanne, wanalifuta. Mantiki inaonekana nzuri. Lakini wale wanne asubuhi walikuwa wamepanda la saa moja, kwa sababu walijua lipo la kuwarudisha. Ukifuta la kurudi umefuta na la kwenda. Wawili wananunua gari kuukuu, mmoja anahamia mjini kwa dada yake, wa nne anaacha kazi. Mwezi unaofuata la saa moja nalo lina siti tupu, wanalifuta pia, na kwenye kikao inaandikwa kwamba wananchi hawana haja na usafiri wa umma. Haja walikuwa nayo. Walichokosa ni ratiba ya kuaminika. Mtu hapangi maisha yake kwa basi ambalo huenda lipo. Anapanga kwa basi ambalo lazima lipo, hata akichelewa kazini, hata mvua ikinyesha, hata shule zikiwa zimefungwa.

Nililijua jambo hili kabla sijafika Poland. Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, nikipanda Ikarus za UDA, shirika la usafiri la jiji, zile ndefu zenye kiungo katikati tulizoziita kumbakumba, mimi nikipenda kusimama pale katikati kwenye turubai la mikunjo ili nilione likijikunja kwenye kona. Basi likipiga kona pale unaona nusu ya mbele ya abiria wote ikikuacha, halafu ya nyuma inakufuata. UDA ilikosa magari, ikakosa vipuri, na mwaka 1983 daladala zikahalalishwa kwa sababu watu hawakuwa na namna nyingine. Miaka mingi baadaye nashuka Warsaw nikiwa na begi moja, nikakutana na Ikarus 280 kituoni, ndugu yake yule wa utotoni, na sura ileile. Nilipanda bila kuuliza inaenda wapi. Warsaw waliistaafisha ya mwisho mwaka 2013 na nilikwenda kuiaga.

Ndiyo maana mtu asiniambie kwamba nasema haya kwa kuwa siyapendi mabasi mapya. Nayapenda. Nchi hii ni ya watu wa mabasi. Wametengeneza lile Jelcz 043 la umbo la Kicheki, tangu 1959 mpaka 1986, na wakalipa jina la tango, ogórek, kama sisi tulivyoita Hiace kipanya na yale ya zamani chai maharage. Watu hawalibatizi gari wasilolipenda. Kiwanda cha Autosan cha Sanok, chini ya milima ya Bieszczady, walianza H9 mwaka 1973, injini nyuma, ya leseni ya Leyland ya Uingereza, jina ambalo wazee wetu wa Dar hawahitaji kufafanuliwa. Ukikaa siti ya mwisho ya H9 kipindi cha baridi, joto la injini linakupanda mgongoni na kioo kinatetemeka kwa mlio wa chini kabisa, na dereva akibadili gia unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Ukweli niuseme: ngazi zake ni ndefu, na bibi yule angehitaji mkono wa mtu kupanda. Basi la sakafu ya chini linaloinama kituoni ni heshima kwa mzee, wala sibishi.

Na mabasi hayo yanatengenezwa hapahapa. Kiwanda cha Solaris kiko Bolechowo, nje kidogo ya Poznań, na mabasi yao ya Urbino utayakuta Berlin na Milan. Ile ya umeme ya mita 12 ilitwaa tuzo ya Basi la Mwaka Ulaya kwa 2017. Nchi inayolitengenezea bara zima mabasi haijaweza kumpatia bibi wa kilomita 20 basi la Julai. Linaniuma hilo. Kila mwezi naona picha za kukata utepe: meya, padri anayenyunyiza maji ya baraka, Urbino mpya inang'aa, na chini yake imeandikwa mamilioni ya zloti kutoka Umoja wa Ulaya. Natafuta kwenye habari ile idadi ya safari zilizoongezwa. Haimo. Basi jipya limechukua namba ya basi la zamani, safari zilezile, Jumapili ileile tupu.

Wapo waliofanya vizuri. Mji wa Żory walifuta nauli mwaka 2014, na mji wa Lubin (si Lublin) wakafuata mwaka huohuo, hata mgeni kama mimi anapanda bure. Nilikwenda Żory kwa ajili hiyo tu. Inafurahisha kuona mtu anaingia bila kutafuta sarafu. Lakini bure ya kitu kisichopita haimsaidii mtu, na kati ya basi la bure mara moja kwa siku na la nauli kila saa, mimi nachagua la nauli, na nina hakika bibi wa kibandani angechagua hivyohivyo.

Serikali nayo ilianzisha mfuko wa mabasi mwaka 2019, zloti 1 kwa kila kilomita, na ilipoonekana haitoshi ikapandishwa hadi 3, gmina ikiongeza angalau sehemu yake ya 10%. Nakubali, kuna ruti zilizofufuka kwa fedha ile na nimezipanda. Lakini gmina lazima iombe yenyewe. Isiyoomba haiulizwi, na watu wake wanaendelea kukaa kibandani.

Kwa hiyo nitaandika barua kwa ofisi ya gmina ile, kwa Kipolandi changu chote, na nitaambatanisha picha ya ile ratiba. Sitaomba Urbino. Zahanati ya macho inafungua saa mbili asubuhi. Naomba basi moja lifike mjini saa mbili kasoro robo na lirudi saa saba mchana, siku tano za wiki, Julai na Agosti zikiwemo, na siku ya Jumapili basi moja la kwenda kanisani na kurudi. Wakiwa na H9 ile tu, waitumie hiyo. Nitakwenda mwenyewe kuwashika mkono wanaopanda.