Mtoto akicheua, kosa ni la chai ya mama?

Jirani yangu wa Tabata hatoki nyumbani bila kanga ya pili begani, ya kupokea matapishi. Mwanawe wa miezi mitatu akimaliza kunyonya anacheua. Akilazwa, anajikunja na kulia. Mama mkwe anasema maziwa ya kifua ni mepesi, mtoto apewe uji mzito utulie tumboni. Wenzake wa kazini wanasema huo ni mzio: mama aache maziwa, mayai, samaki, karanga na maharage.

Nianze na mama mkwe, maana huwa anapuuzwa haraka mno. Chakula kizito kweli hupunguza kucheua, na madaktari huwaagizia baadhi ya watoto wa maziwa ya kopo maziwa yaliyokolezwa wanga. Anapokosea ni kwenye umri. Kabla ya miezi sita uji unachukua nafasi ya titi, na ukipikwa au kutunzwa vibaya huleta kuhara. Halafu huu uji wetu wa lishe! Mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano, vyote vimesagwa pamoja. Mtoto akitoka vipele, utamkamata nani? Hata akifikisha miezi sita, mwenye shaka ya mzio aanze na nafaka moja, akae nayo siku chache, ndipo aongeze nyingine.

Hoja ya wenzake nayo ina msingi. Protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hupita kidogo kwenye maziwa yake, na wapo watoto wachache inaowadhuru: choo chenye damu au kamasi, ukurutu, kugoma kunyonya. Tatizo ni protini, si sukari ya maziwa. Sukari hiyo imo kwa kila mama, anywe chai ya maziwa au ya rangi. Kuhamia maziwa ya mbuzi pia hakusaidii, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Ila wengi wanaocheua hawana mzio wowote. Mlango wa juu wa tumbo haujakaza, basi. Hali hupamba moto karibu na mwezi wa nne, na wengi hupona kufikia mwaka mmoja. Likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo kilele kinamkuta mama kazini na chupa iko kwa dada. Huyo dada ndiye wa kufundishwa kumlisha kidogo kidogo na kumbeba wima baadaye. Wanaume wa nyumbani nao wana mabega.

Kufuta vyakula vitano kwa mpigo naona ni kumkondesha mama bure, na hatajua kipi kilikuwa na kosa. Afute maziwa ya ng'ombe peke yake, pamoja na mtindi, siagi na maandazi ya maziwa, kwa wiki mbili hadi nne, mhudumu wa kliniki akijua. Dagaa wabaki, kalsiamu itatoka humo. Kisha ayarudishe. Huko kurudisha ndiko kipimo chenyewe, na ndiko wengi wanakokuruka.

Matapishi ya kijani au yenye damu, yanayoruka mbali kila anaponyonya, au kilo zisizopanda: hapo ni hospitali, si majaribio ya jikoni.

Kadi ya mtoto wa jirani inapanda vizuri. Mama aliacha maziwa wiki mbili, akaendelea kucheuliwa vilevile. Jumapili akachemsha chai ya maziwa, akanywa vikombe viwili. Jumatatu, hakuna kilichozidi wala kupungua. Kanga ikabaki begani.