Kofia Iliyokwisha Usimpe Saisi

Katika mabanda mengi ya farasi ninayoyajua, kuanzia Karen hadi Ngong, pembezoni mwa Nairobi, kofia ngumu ya kupandia farasi haitupwi. Mwenye farasi akinunua mpya, ile kuukuu humwendea saisi, yaani mtunza farasi wa banda, pamoja na buti zilizoanza kumbana mtoto na jaketi la zamani. Buti na jaketi sina neno nazo. Kofia ndiyo inayonitia uchungu, kwa sababu kinachochakaa ndani yake hakionekani, na anayepewa ndiye anayepanda farasi wengi kuliko mtu yeyote pale bandani.

Saisi ndiye anayempanda alfajiri farasi aliyekaa ndani bila kazi hadi nguvu zinamzidi. Ndiye anayetangulia juu ya farasi mchanga ambaye hajazoea tandiko. Mwenyewe akija Jumamosi, farasi ameshatulizwa. Kama kuna kichwa kimoja pale kinachostahili kofia nzima, ni cha saisi.

Gamba la nje la kofia husambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Kazi kubwa, hata hivyo, hufanywa na tabaka la ndani la polistirini, ileile nyeupe inayokuja imeizunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kikigonga ardhi, tabaka hilo hubonyea, na kwa kubonyea kwake ubongo hupata nafasi ya kusimama polepole badala ya kusimama ghafla. Likishabonyea, halirudi. Pigo la pili likitua palepale, hapana tena cha kubonyea. Na juu, gamba linaweza kuwa bado linang'aa vizuri kabisa.

Hivi karibuni nilishika kofia ya namna hiyo. Mkanda wa kidevuni ulikuwa umekauka kwa chumvi ya jasho na nyuzi zake zimeanza kuchomoka karibu na kifungo. Bitana ilikuwa imelala kabisa, hata saisi alipoivaa niliweza kuizungusha kwa mkono ilhali kichwa chake kimetulia. Nilipoiinua bitana nikaona, upande wa kisogo, doa la ukubwa wa kiganja ambapo polistirini ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba na laini. Kofia hiyo ilikuwa imeshaokoa mtu. Haikuwa na kingine cha kumpa mwingine.

Ushauri wa watengenezaji wengi ni kubadilisha kofia kila baada ya miaka 5 hivi, na kuibadilisha mara moja baada ya anguko lolote ambalo kichwa kiligonga kitu. Kuidondosha kwenye saruji nako kuhesabiwe. Hiyo miaka 5 ni kwa kofia iliyotunzwa, na sisi hatutunzi. Tunaiacha nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani mchana kutwa. Ikinyeshewa tunaianika karibu na moto. Wapo wanaoifuta kwa petroli ili gamba ling'ae, na petroli huiyeyusha polistirini. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Bitana inayotoka ifuliwe kwa mkono, kisha kila kitu kikauke kivulini. Ndiyo maana pia ya mitumba siinunui hata ikiwa na lebo nzuri ya ASTM F1163 au PAS 015, ambavyo ni viwango vya usalama vya kofia za kupandia farasi: lebo haisemi aliyeivaa aliangukia wapi.

Wapo wanaosema saisi mzoefu haanguki. Mpanda farasi Courtney King-Dye aliiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008. Mwezi Machi 2010, akiwa mazoezini Florida bila kofia ngumu, farasi alijikwaa akaanguka naye. Alikaa katika koma kwa wiki kadhaa, na alipoamka ilimbidi ajifunze upya kutembea na kuzungumza. Hapakuwa na kizingiti cha kuruka wala mashindano. Tangu Januari 1, 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, limewalazimisha hata wapanda farasi wa dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi bila kuruka vizingiti, waliopenda kofia zao ndefu nyeusi za heshima, kuvaa kofia ngumu. Ikiwa bingwa wa dunia haruhusiwi kutegemea uzoefu wake, tusimwambie saisi ategemee wake.

Najua kofia nzuri ni ghali, na nyingi huagizwa nje. Lakini mtu anayelisha farasi, anayelipa daktari wa mifugo na mtengeneza kwato, hawezi kuniambia kuwa kichwa cha anayemhudumia farasi huyo hakimo kwenye bajeti. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wa wote wanaofanya kazi pale, na banda la farasi ni mahali pa kazi.

Kwa hiyo kofia kuukuu ikate mkanda, uipasue gamba, ndipo uitupe, isije ikaokotwa na kuuzwa. Kisha mpime saisi kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, umnunulie yake inayomkaa. Tarehe ya kuinunua iandikwe katika daftari la banda, kwenye ukurasa uleule wa dawa ya minyoo na kwato, na siku akianguka, hilo nalo liandikwe hapo.