Huyu "Do" Katumwa na Nani?

Mimi Kiingereza sina ugomvi nacho. Naomba hilo lieleweke mapema, asije akatokea mtu akaniambia mwenye wivu ajinyonge. Nataka kuelezwa tu: vitenzi vya lugha hii vilipatwa na nini hata visiweze kutoka nje bila kusindikizwa?

Chukua "sijui". Neno moja, umemaliza, unakwenda zako. Ndani yake nimo mimi, umo ukanushi, na kumo kujua kwenyewe ninakokukana. Sasa nenda kwa Mwingereza: "I do not know." Maneno manne! "I" ni mimi, sawa. "Know" ni kujua, hatuna neno. "Not" ndiye mkanushaji, karibu. Huyu "do" je? Ukiuliza unaambiwa ni kitenzi kisaidizi. Anasaidia nini? Maana hana, mzigo hana, amesimama katikati ya sentensi kama mtu aliyeingia harusini bila kadi na sasa ndiye anayewaelekeza wageni pa kukaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zamani hakuwa na cheo hicho. Waingereza walisema "I know not", wakauliza "Know you?", na maisha yakaenda. Shakespeare anatumia mtindo wa zamani na huo wa "do", anachanganya apendavyo. Ni kuanzia miaka ya 1500 ndipo "do" alipoanza kujipenyeza kwa kasi kwenye maswali na ukanushi, na tangu hapo hatoki. Tena kapandishwa cheo: wakati uliopita ukija, yeye ndiye anayegeuka "did", na kitenzi chenye maana kinaamriwa kirudi kilivyozaliwa. "Did you go?" Ukisema "Did you went?" unaangaliwa vibaya. Yaani nimekesha nikikariri kwamba "go" hugeuka "went", halafu nikiuliza swali naambiwa hiyo weka kando.

Na hiyo "went" yenyewe si mali ya "go". Ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend". "Go" kaichukua, hakurudisha, na leo wend wa watu anahangaika na "wended". Hakuna aliyeshtakiwa.

Afadhali basi vitenzi vingekuwa na maana moja moja. Wenye kamusi ya Oxford walipokihesabu kitenzi "run", walipata maana 645. Pua inakimbia, duka linakimbizwa, mgombea anakimbia kutafuta kura, wino unakimbia kwenye nguo. Hata kuishiwa kuna mbio zake, "run out". Siku hiyo ndipo nilipoacha kuwacheka wanaosema wamechoka.

Vivumishi ndiyo kabisa. Sisi huku tunapigana na ngeli: mtu mkubwa, kitu kikubwa, jambo kubwa, mambo makubwa, mahali pakubwa. Kivumishi kinavaa sare ya nomino yake, mtu yeyote anaona nani kaja na nani. Mwingereza ana "big" tu. Mtu "big", watu "big", mlima "big". Zamani nao walikuwa wakivibadilisha kwa jinsia, kwa idadi na kwa kazi ya neno kwenye sentensi. Katika karne zilizofuata ujio wa Wanormani, wale wavamizi waliotoka Ufaransa, mwaka 1066 miisho yote hiyo ikapukutika. Nikasema alhamdulillahi, angalau hapa wametuonea huruma.

Thubutu! Walipokivua kivumishi sare wakakipanga foleni. Binti yangu aliniletea zoezi la shule: panga maneno haya, "wooden, black, big, beautiful, round, old, table". Nikamwambia meza ni meza, mwanangu, yapange yatakavyo kukaa. Akasema, "Hapana, Baba, kuna utaratibu." Kweli upo. Kwanza maoni yako, kisha ukubwa, kisha umri, umbo, rangi, kilikotoka, kilichotumika kukitengeneza. "A beautiful big old round black wooden table." Ukisema "a wooden black big table" Mwingereza anakunja uso, lakini mwulize kwa nini, wengi wao watakwambia inasikika vibaya tu. Wazaliwa wa lugha hawakufundishwa sheria hiyo. Imetungwa kwa ajili yetu tulioikuta lugha ukubwani.

Binti yangu naye hakuishia hapo, maana huyu mtoto karithi ubishi, sijui kwa nani. "Mbona wanasema 'big bad wolf'? 'Bad' si maoni? Ilipaswa itangulie." Jibu lipo, nalo linatia hasira kuliko swali. Eti kuna sheria nyingine ya sauti, kwamba irabu ya "big" hupenda kutangulia irabu ya "bad", ndiyo maana saa yao inalia "tick-tock", haisemi "tock-tick". Kwa hiyo foleni ipo, ila mwenye sauti nzuri anapita mbele.

Subiri kitenzi na kivumishi wakutane. Mtu anapougua, "he falls ill". Kaanguka. Akisinzia, "falls asleep", kaanguka tena. Akizeeka, "grows old", anaota kama mmea. Kisima kikikauka, "it runs dry", hapo napo mbio. Sisi tunasema kaugua, kasinzia, kazeeka, kimekauka, basi. Wenzetu kila hali ni safari. Ukichunguza utaona kwamba mabaya mengi huendewa na mazuri huja: "go mad", "go blind", "go wrong", lakini ndoto "comes true". Mwanamume akipata upara, "he went bald". Alipitia wapi? Alikwenda na nani? Na mbona harudi?

Ukidhani umeelewa wanakuletea "bored" na "boring". Kimoja ni aliyechoshwa, kingine ni mchoshaji, na kati yao ni herufi chache mkiani. Kwenye kikao kimoja mkubwa wetu alisimama, akajinyoosha, akasema kwa masikitiko, "Colleagues, today I am very boring." Hakuna aliyemsahihisha. Tulitikisa vichwa kwa heshima, maana sentensi haikuwa na kosa hata moja.

Viunganishi nilidhani vingekuwa pumziko. Kiswahili vingi tumevimezesha kitenzi: "akija" ina "kama" yake tumboni, "alipokuja" ina "wakati", na "akaamka, akaoga, akaondoka" haihitaji "and" hata ya dawa. Mwingereza anaviweka nje, halafu anavitungia masharti. Ukisema "although" huruhusiwi kusema "but". Ukisema "because" usije na "so". Sisi kila siku tunasema "ingawa amechoka lakini anaendelea", wakali wa sarufi wanaguna, na mtu anaendelea.

Na hili la "when" nalo nimelishindwa. "Atakapokuja" ina wakati ujao ndani yake, unauona mchana kweupe. Mwingereza anasema "when he comes". Ukithubutu "when he will come" unapigwa mstari mwekundu. Jamani! "Do" asiye na kazi tumemkaribisha, "will" aliyekuja na kazi yake mkononi tunamfukuza mlangoni? Kisha ukifika kwenye "if" unakuta "if I were you". Hiyo "were" ni ya wengi. Inaonekana ukishaanza kujifanya mtu mwingine unahesabiwa wawili.

Lakini kiunganishi ninachokiogopa ni "since", kwa sababu kina nyuso mbili: mara ni "tangu", mara ni "kwa sababu", na hakikuambii leo kimevaa upi. Jirani yangu na mkewe wana tabia ya kuandikiana Kiingereza wakitaka kubembelezana. Kiswahili kwao ni cha bili na cha kugombana. Mke kasafiri. Mume kamtumia ujumbe, akakusudia kumtoa wasiwasi: "I have been sleeping well since you left." Kimya. Baadaye likaja jibu la swali moja: "Since ipi?"

Akaja mbio kwangu na simu mkononi. Nikamwambia, ndugu yangu, achana na Kiingereza, mwandikie upya kwa Kiswahili, kule maneno yako mawili tofauti, unachagua moja na mambo yanakwisha. Akakaa, akaanza kuandika, akasita. Akaniangalia.

"Kwa hiyo niweke lipi?"